Wageni wa Vuli: Hotuba kwa Wapiga Picha wa Ndege na Wadudu, Watamu

Wazee wetu, kina mama, walimu, waongoza wageni wa Watamu na Gede, na nyinyi vijana mliokuja na kamera na simu zenu mkononi: asalaam aleikum, hamjambo nyote. Nashukuru kwa kualikwa. Niliombwa nizungumze kuhusu siku za vuli, kuhusu kukaa na kutazama ndege na wadudu na kuwapiga picha. Sitatoka nje ya hapo, maana sioni msimu mwingine unaomlipa mtu mwenye subira kama huu.

Ninalotaka kuwaambia nalisema mapema lisije likapotea katikati ya maelezo. Viumbe wengi mtakaowaona kuanzia sasa hadi mwisho wa Desemba ni wasafiri. Wametoka mbali, na wengine wanapita tu. Picha ya msafiri ikikosa tarehe na mahali hubaki pambo la ukutani. Ikiwa navyo ni ushahidi, na ushahidi wa namna hiyo umekwisha kubadili mambo makubwa, kama mtakavyosikia.

Kwanza sababu ya safari yenyewe. Huko Siberia, Mongolia, Urusi na Ulaya, Septemba ikifika siku zinafupika, majani yanageuka manjano na kupukutika, na wadudu wanakwisha. Husemwa kwamba ndege wanakimbia baridi. Lakini ndege amevaa manyoya, baridi anaiweza. Asichokiweza ni njaa. Mla wadudu atakula nini pale ambapo ardhi imefunikwa na theluji? Sasa tazameni kwetu wakati huohuo. Kusi imelegea, jua la Oktoba linachoma, kisha mvua za kwanza zinaanguka na ardhi inafunguka: kumbikumbi wanamiminika kutoka vichuguuni, panzi wanajaa nyasini, nyenje wanalia miembeni, vipepeo wanatua kwenye tope. Jamvi linalokunjwa kule ndilo linalotandikwa huku.

Msafiri wa kwanza ninayemngoja kila mwaka hana manyoya. Ni kereng'ende, na simsemi kereng'ende yeyote, kwa kuwa tunao wa aina nyingi ambao huzaliwa na kufa kwenye kisima kimoja. Huyu ni yule wa rangi ya manjano iliyokolea kama dhahabu, urefu wake sentimita tano hivi, uzito wake haufiki nusu gramu. Wataalamu wanamwita Pantala flavescens. Mkimtazama kwa karibu mtaona bawa lake la nyuma ni pana sana pale linapoungana na mwili. Upana ule ndio unaomwezesha kuelea hewani muda mrefu bila kupigapiga mabawa. Dume akikomaa, mgongo wa tumbo lake hupata wekundu. Huonekana kwa wingi juu ya viwanja vya mpira na mashamba yaliyolimwa, wakizunguka kwa kimo cha mtu, hawatui. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kereng'ende wakijaa uwanjani mvua i karibu, na wazee walisema kweli.

Katika visiwa vya Maldivi, ambako maji matamu ya juu ya ardhi karibu hayapo, mwanabiolojia wa bahari, Charles Anderson, alijiuliza swali jepesi: kila Oktoba kereng'ende hawa wanajaa hapa kwa maelfu, nao hawana dimbwi la kuzaliana, wanatoka wapi? Bara Hindi, kulikokuwa karibu zaidi, ni mamia ya kilomita juu ya bahari tupu. Akaanza kuandika tarehe za kufika kwao, akakusanya na tarehe za watu wengine. Mwaka 2009 alichapisha alichokiona. Kereng'ende wanatokea kusini mwa India, kisha Maldivi mwezi wa Oktoba, kisha Shelisheli Novemba, Aldabra Desemba, na kwetu Afrika Mashariki wanaonekana pamoja na mvua za vuli. Kwa hesabu yake, safari nzima ya kuja na kurudi ni kati ya kilomita 14,000 na 18,000, nayo haimalizwi na kereng'ende mmoja. Inapokezanwa na vizazi vinne.

Kuna jambo ndani ya habari hiyo ambalo watu wa pwani wataliona upesi kuliko wengine. Oktoba, upepo wa chini pale Maldivi bado unavuma kutoka magharibi, yaani unawapinga. Wanakujaje? Anderson akaeleza kwamba juu zaidi, kupita mita 1,000, upepo umekwisha geuka na unavuma kutoka upande wa mashariki, nyuma ya ule ukanda wa mvua unaoteremka kuelekea kusini mwa ikweta. Kereng'ende wanapanda hadi huko juu na kubebwa. Baada ya wiki kadhaa upepo wa chini nao unageuka, na hapo ndipo sisi tunapousikia usoni na kuuita kaskazi. Babu zetu waliungoja upepo huo ili majahazi ya Sur, Maskati na Kachi yaingie Lamu, Malindi na Mombasa. Mdudu wa nusu gramu anautangulia.

Sasa mpiga picha. Kereng'ende huyu akiwa angani anasumbua sana, kwa vile hatui mchana. Nendeni jioni jua likielekea kuzama, au alfajiri kabla halijapata nguvu, mtafute kwenye vijiti vikavu vya kichaka kilichokingwa upepo. Hulala akiwa ananing'inia, mwili umeelekea chini moja kwa moja, na mabawa yamejaa umande. Hapo hata simu inatosha. Sogea polepole, kivuli chako kisimfike, na macho yake mawili makubwa yawe ndiyo unayoyalenga. Na mkitaka kuona jambo la ajabu, simameni karibu na gari jekundu au jeusi lililooshwa, baada ya mvua. Mtamwona jike anashuka, anagusagusa boneti kwa ncha ya mkia, anapaa, anashuka tena. Anataga. Mwanga unaoakisiwa na rangi ile inayong'aa unafanana na ule unaoakisiwa na maji, naye ana haraka, kwa kuwa dimbwi la mvua halidumu. Mayai yale yatakauka juu ya bati. Yanayobahatika kuangukia dimbwi la kweli huanguliwa upesi, na katika wiki sita hivi mabuu yamekwisha kukua na kutoka majini wakiwa na mabawa. Muda wote huo wanakula viluwiluwi vya mbu. Nasema haya kwa sababu madimbwi ya mvua ya huku kwetu, yale ya pembeni mwa shamba na kando ya msitu, ndiyo kituo cha uzazi cha safari inayovuka bahari. Kabla hatujayafukia yote kwa kifusi, tuyatazame kwanza ni nani aliyemo.

Nyuma ya kereng'ende wanakuja wanaowala. Huyu ninayemtaja sasa ni kozi wa Amur, kipanga mdogo wa gramu 150 hivi. Anazaliana kusini mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China. Dume ni wa kijivu, miguu yake myekundu, mapaja ya rangi ya matofali, na akiinua bawa utaona weupe chini yake. Novemba na Desemba hupita Tsavo, na mvua ikiwa imenyesha na kumbikumbi wametoka, huonekana mamia wakizunguka juu ya nyika, wakikamata kumbikumbi kwa ukucha na kula hukohuko hewani. Kufika hapo amevuka bara Hindi na bahari ya Arabuni, usiku na mchana, siku kadhaa bila kutua. Anderson alipendekeza kwamba kozi na ndege wengine wanaovuka wakati huo wanawala kereng'ende njiani juu ya bahari, na mimi nikitazama tarehe zao zinavyoandamana naona pendekezo hilo lina nguvu.

Niliwaahidi habari ya ushahidi. Kozi hawa wakiwa njiani hukusanyika Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, kando ya bwawa la Doyang, kujinenepesha kabla ya kuvuka. Oktoba 2012, wahifadhi kadhaa, akiwemo mwandishi wa habari Bano Haralu, walifika huko wakakuta nyavu za kuvulia samaki zimetandazwa kwenye miti wanakolala. Ndege walikuwa wakinaswa kwa maelfu kila siku, wanakaushwa kwa moshi na kuuzwa. Walipiga picha na video, wakaandika ni wapi na lini. Picha zile zilisambaa duniani kote. Lakini la maana zaidi ni yaliyofuata kijijini Pangti na vijiji jirani. Wazee wa vijiji, makanisa na serikali walikaa pamoja na wawindaji wenyewe, watu ambao walikuwa wakipata riziki humo, na mwaka uliofuata uwindaji ule ukakoma. Novemba 2013 kozi watatu walivalishwa vifaa vya setilaiti hukohuko, wakapewa majina Naga, Wokha na Pangti, na watu wa Nagaland wakafuata safari yao hadi huku Afrika. Kozi aliyepewa jina la kijiji kilichokuwa kikimnasa alipita juu ya nchi yetu. Mimi siwezi kumwona kozi wa Amur Tsavo bila kuwakumbuka watu wale, na ningependa siku moja vijana wa Pangti waone picha walizopiga vijana wa Kilifi na Taita Taveta za ndege haohao.

Turudi nyumbani, hori ya Mida. Nyinyi mnaoishi hapa mmezoea kuiona kama mahali pa kaa na mikoko, na watalii wanaipita kwenda ufukweni. Kwangu vuli haijaanza mpaka nimekaa Mida maji yakijaa.

Kuna ndege pale, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya bluu iliyopauka, na mdomo mnene mweusi, mzito kuliko wa kitwitwi yeyote mmjuaye. Anakula kaa. Jina lake la kitaalamu ni Dromas ardeola, na yuko peke yake katika familia yake, hana ndugu mwingine duniani. Huzaliana kwenye pwani na visiwa vya mchanga vya Omani, Ghuba, bahari ya Shamu na Somalia, na namna anavyozaliana haifanani na ndege yeyote wa aina yake. Huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja jeupe mle ndani, na joto la mchanga humsaidia kulitamia. Kinda hukaa shimoni na kuletewa kaa.

Sasa njooni na darubini zenu mtazame kundi lake Oktoba. Katikati ya weupe ule mtaona wengine wamechakaa rangi, wa kijivujivu. Hao ni watoto wa mwaka huu. Mfuateni mmoja kwa macho, msimwache. Anamwandama mkubwa mmoja, hatua kwa hatua. Mkubwa anasimama, anainamisha kichwa, anakimbia hatua tatu, anadona. Kaa yuko mdomoni, anatikiswa, miguu inaruka huku na huku. Mtoto anainama, shingo ameikunja, anatoa sauti nyembamba isiyokatika, anaomba. Na mara nyingi anapewa. Mtoto ameruka kutoka Arabuni hadi Kilifi kwa mabawa yake mwenyewe, na bado analishwa na mzazi. Vitwitwi wengine hawana malezi ya namna hiyo hata kidogo. Picha ya mkubwa akimkabidhi mdogo kaa inaeleza mengi kuliko picha mia za ndege mmoja mmoja amesimama. Weupe wake unaungua kwenye picha jua likiwa kali. Punguzeni mwanga kwenye kamera mpaka muone manyoya ya kifuani, kivuli mtakirekebisha baadaye.

Pembeni yake wako vitwitwi wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda kuelekea chini, wa gramu 60 hivi, ambao wataalamu wanawaita Calidris ferruginea. Wamezaliwa Taimyr, kaskazini kabisa mwa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa. Hao wazazi wao waliondoka kabla yao. Watoto walibaki, wakanenepa, wakaja peke yao, hawajawahi kuiona njia. Wakubwa wanaofika Agosti huwa bado na mabaki ya wekundu wa mavazi ya uzazi. Kufikia sasa wote ni wa kijivu, na watu huwapita wakidhani hawana la kuonesha. Watazameni basi wanavyofanya kazi: mdomo unashona tope bila kupumzika tangu maji yanapotoka hadi yanaporudi.

Hapa sina budi kusema neno zito. Maji yakijaa, ndege hawa hubanwa kwenye vijisehemu vichache vilivyobaki vikavu. Ndio muda wao wa pekee wa kupumzika. Nimewaona wapiga picha, wengine wazoefu na wenye lenzi za gharama kubwa, wakitembea moja kwa moja kuelekea kundi ili wapate picha ya kuruka. Kundi linapaa, linazunguka hori nzima, linarudi, wanarudia tena. Kila kuruka ni mafuta yanayoungua, na mafuta hayo ndiyo atakayorudi nayo Siberia Aprili. Hakuna picha yenye thamani hiyo. Na haina haja, kwani bahari yenyewe itakuletea ndege. Fikeni mapema, maji yakiwa yameanza kurudi, kaeni chini, mtulie. Maji yanavyopanda ndiyo yanavyowasukuma ndege kuja upande wenu, hadi wengine watakuwa karibu kuliko lenzi inavyohitaji. Ndivyo hivyohivyo msituni Arabuko-Sokoke: acheni kucheza sauti za ndege kwenye simu ili watoke. Bundi mdogo wa Sokoke anaishi katika misitu michache tu, ile yetu na kule Usambara, na anayechezewa sauti usiku baada ya usiku anaacha kuwinda.

Kuhusu vipepeo nitasema kidogo tu, kwa sababu walimu wenu mnao. Tangu mwaka 1993 wakulima wa pembezoni mwa msitu wamekuwa wakifuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo pale Gede, na viluwiluwi vilivyojifunga vinasafirishwa nje ya nchi vikiwa hai. Mtu anayefuga anajua kila kiwavi anakula jani gani. Kabla ya kununua kitabu, nendeni mkakae na mama mmoja wa Gede asubuhi moja.

Lakini Ngulia siwezi kuiruka. Ngulia iko Tsavo Magharibi, hoteli juu ya mlima, na tangu 1969 watu wamekuwa wakikutana pale Novemba na Desemba kuwavalisha ndege pete miguuni, ili watambulike wakikamatwa tena kwingine. Usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka, ndege wanaosafiri gizani wanapoteza nyota, wanavutwa na taa za hoteli, na kufikia alfajiri vichaka vimejaa. Wengi wao ni kijindege wa rangi ya kahawia ya majani makavu, Acrocephalus palustris kwa jina la kitaalamu, ambaye hata mtaalamu humtambua kwa shida mpaka amshike mkononi. Anazaliana Ulaya kwenye magugu ya kando ya maji. Ndiye ninayempenda kuliko wote, na nitawaambia sababu. Françoise Dowsett-Lemaire aliwachunguza huko Ubelgiji, akachapisha mwaka 1979. Aligundua kwamba dume mmoja kwa wastani huiga sauti za ndege 76 wa aina nyingine, na zaidi ya nusu ya hizo ni za ndege wa Afrika. Amejifunza katika mwaka wake wa kwanza, akiwa safarini na akiwa huku kwetu. Kwa hiyo mtu wa Ubelgiji akifungua dirisha mwezi wa Juni anasikia ndege wa Afrika wakiimbwa na ndege wa hapohapo kwake, na huenda hajui. Vuli hii kijindege huyo akiwa kimya kwenye kichaka chenu, anasikiliza.

Basi tufanye kazi. Hakikisheni saa na tarehe ya kamera ni sahihi, maana nimeona picha nzuri za ndege adimu ambazo hakuna anayeweza kuzitumia kwa sababu kamera inasema ni Januari. Kuweni na daftari. Andikeni mahali kwa jina wanaloliita wenyeji, andikeni maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, upepo ulitoka wapi, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Msiache kuandika ndege wa kawaida. Siku atakapopungua, tarehe zenu ndizo zitakazosema alianza kupungua lini. Picha isiyo safi sana ya kereng'ende wa kwanza wa mwaka, ikiwa na tarehe, itumeni vilevile. Picha na tarehe za ndege zipelekeni mtandaoni kwenye Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya, za wadudu kwenye iNaturalist, mtandao wa kuwekea picha za viumbe, na nakala ibaki kwa mwalimu shuleni. Anderson alianza na kuandika tarehe tu, na bahari ya Hindi yote ikamfungukia.

Kesho ni bamvua. Maji yatajaa kiasi cha saa kumi alasiri, kwa hiyo tukutane kwenye daraja la mikoko Mida saa saba na nusu, tope likiwa bado wazi. Vaeni nguo za rangi ya udongo, si nyeupe. Leteni kofia, maji ya kunywa, na mwenye darubini amkumbuke asiye nayo. Wanaoweza wabaki hadi magharibi, kwa sababu keremkerem wekundu, ndege wala nyuki, wamekwisha anza kufika kutoka kaskazini na wanalala kwenye mikoko ya ng'ambo. Sasa maswali. Nianze na mzee pale nyuma, aliyeinua mkono tangu nilipotaja kaskazi.